Lion King na mama mkwe

Safari hii aliipanga mke wangu. Tiketi kanunua yeye, viti kachagua yeye, hata treni ya kutoka Milton Keynes kaiangalia yeye. Wiki yenyewe ilipofika wakambadilishia zamu kazini, akabaki. Tiketi yake ikamwangukia mama yake, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga na mpaka siku hiyo London aliijua kwa jina tu. Basi Jumamosi moja ya kiangazi nikatoka na msafara wangu: binti yetu wa miaka 8, ambaye hapa nitamwita Dada Mtu kwa sababu ndivyo anavyojiweka, Bwana Mdogo, miaka 4, mama mkwe, na hotipoti la sambusa ambalo hakuna aliyeniuliza kama nataka kulibeba.

Naandika kwa sababu wenzangu wenye watoto wadogo wameniuliza kama ile shoo ya Lion King, mchezo wa muziki wa jukwaani, inawafaa, na jibu langu haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu.

Tuanze na umri. Pale Lyceum, ukumbi wa London inakochezwa, wanashauri mtoto awe na miaka 6 kwenda juu, na aliye chini ya miaka 3 haingii kabisa. Kila mtoto lazima awe na tiketi yake. Habari ya "huyu nitampakata" haipo. Bwana Mdogo yuko katikati hapo, anaruhusiwa lakini hashauriwi. Shoo nzima ni saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, na huyu ni mtoto ambaye hotuba ya Ijumaa haijafika katikati ameshatambaa safu tatu mbele. Mke wangu akasema miaka si hoja, hoja ni mambo mawili: giza analistahimili? Na akibanwa na mkojo, anasema mapema au anasema ukiwa umeshatoka? La pili alishafuzu. La kwanza tulikwenda nalo hivyo hivyo.

Usafiri wenyewe hauna maneno mengi. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi treni, na London treni za chini ya ardhi ni bure kwa walio chini ya miaka 11 wakiwa na mtu mzima. Kituo kilicho karibu ni Covent Garden, ila kile kinategemea lifti, na lifti zikijaa mbadala wake ni ngazi 193 za kuzunguka. Dada Mtu alikuwa amelisoma hilo mahali na alitaka sana kuzihesabu. Mimi nikatazama magoti ya Bibi yake, tukashukia Leicester Square, tukatembea.

Sasa hapo Covent Garden sokoni kuna wasanii wa barabarani, na siku ile kulikuwa na bwana mmoja juu ya baiskeli ndefu ya gurudumu moja anarusha visu. Bwana Mdogo akasimama pale mpaka mwisho, akapiga makofi, akanishika mkono: "Baba, sasa twende nyumbani?" Kwake yeye shoo ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri. Nilipomwambia bado hatujaingia alinitazama kama niliyemdai mara mbili.

Sambusa tulizila kwenye benchi, kabla ya kuingia. Adhuhuri tukaiswali kwenye kona ya bustani kule Embankment, na Alasiri ikatukuta tumeshatoka. Kwa wenzangu mnaojali hilo: shoo ya mchana huanza saa nane na nusu. Kiangazi inakaa vizuri kabisa. Lakini mkienda Desemba, jua la London linazama kabla ya saa kumi, kwa hiyo Magharibi itawakuta ndani, Simba, yule mtoto wa mfalme, hajapata hata nywele za shingo. Pangeni mapema.

Jengo la Lyceum lina nguzo kubwa mbele, na hizo nguzo ni za mwaka 1834. Nyuma yake pamejengwa upya mwaka 1904. Kuna miaka palikuwa ukumbi wa dansi na muziki, na Bob Marley alirekodi onyesho lake humo ndani Julai 1975. Hilo kwangu ni jambo zito, nikaona nimwambie mama mkwe tukiwa kwenye foleni.

"Nani?" akauliza.

"Bob Marley, Mama. Yule wa rege."

"Yule mvuta bangi?"

"Ndiye, Mama."

"Haya. Shika mtoto."

Viti vyetu vilikuwa ghorofa ya kwanza, wanayoiita Royal Circle, upande wa kushoto karibu na mbele. Watu wengi watakwambia kaa chini, kwenye ukumbi wa chini kabisa, tena pembeni mwa njia, kwa sababu wanyama wanaingia kwa kupita katikati ya watazamaji. Ni kweli wanapita, na tembo akipita anakupita karibu hivi kwamba unaweza kumgusa, usimguse. Lakini chini mtoto wa miaka 4 akikaliwa mbele na mzungu wa futi sita, tiketi yake imekwenda na maji, hata ukimwekea ule mto wa kuinulia watoto ambao wahudumu wanautoa ukiomba. Juu ukumbi umeinama, kichwa cha mbele kiko chini yako, na mtoto anaona jukwaa zima. Tulichokosa ni tembo mpaka alipofika mbele. Tulichopata nitakisema.

Kwanza kukaa kwenyewe. Viti vya kumbi za zamani za London ni vyembamba, goti lako na goti la jirani ni ndugu. Mimi na mama mkwe kukaa bega kwa bega saa mbili na nusu gizani? Hapana bwana. Nikawapanga: Bibi, Dada Mtu, Bwana Mdogo, kisha mimi mwisho kwenye njia. Kila mtu akaheshimika, na mimi nikawa karibu na choo.

Taa zikazimwa. Bwana Mdogo akanishika shati. Halafu ikatoka sauti moja ya mwanamke, kali, kwa Kizulu, bila ala yoyote; na kabla hujakaa sawa ikajibiwa kutoka pembeni, na nyingine tena kutoka upande wa pili, juu. Dada Mtu akageuka huku na huku kuwatafuta. Jua likapanda nyuma ya jukwaa, jua la vitambaa, unaona kabisa kuwa ni vitambaa vinavyovutwa juu. Wakaingia twiga. Kila twiga ni mtu mmoja aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili miguuni na miwili mikononi, shingo na kichwa cha twiga vimevalishwa juu ya kichwa chake. Wanatembea taratibu mno. Ukumbi mzima kimya, watu zaidi ya elfu mbili, na katika kimya hicho Bwana Mdogo akauliza kwa sauti yake yote:

"Baba! Mbona mle ndani kuna mtu?"

Watu wakacheka, lakini cheko la wema. Na mimi naona lile ndilo swali lenyewe la shoo hii. Mwaka 1997, ilipofunguliwa New York, mwongozaji wake Julie Taymor aliamua kutomficha mtu. Simba wake hawavai mavazi ya manyoya ya kuwafunika. Kinyago kiko juu ya kichwa, uso wa mwigizaji uko wazi chini yake, na wewe unachagua utazame kipi. Kinyago cha Scar, yule simba mbaya, kinashuka mbele ya uso wake anapokasirika, kisha kinarudi juu. Duma ana mtu nyuma yake anayemtembeza kwa fimbo na kamba. Hondohondo Zazu ni kikaragosi mkononi mwa bwana aliyevaa kofia, na bwana huyo hajifichi hata kidogo. Mwaka uliofuata Taymor akapata tuzo ya Tony ya uongozaji wa mchezo wa muziki, mwanamke wa kwanza kuipata. London ilifunguliwa Oktoba 1999, ukumbi huo huo mpaka leo.

Wakosoaji wanaweza kusema wanayotaka kuhusu sanaa. Mimi nilichokiona ni cha kimalezi. Ile katuni ya mwaka 1994 tunayo nyumbani, na fisi wakitokea Bwana Mdogo huwa nyuma ya kochi. Pale ukumbini fisi walitoka, wabaya kweli kweli, wanacheka, na mtoto akanyoosha kidole: "Yule ana viatu." Hakuogopa. Alikuwa ameshawajua. Katuni inamwambia mtoto huyu ni fisi, amini. Jukwaani anaonyeshwa fisi na mwenye fisi, wote wawili kwa pamoja, na mtoto wa miaka 4 anaweza kuwabeba wote bila taabu. Sisi watu wazima ndio tunaohangaika tumtazame nani.

Kilichomtisha ni sauti. Wale nyumbu wanapokuja mbio bondeni, kwa nyuma kuna wadogo wanaozunguka kwenye magurudumu ya mbao, mbele yao wakubwa zaidi, halafu wachezaji wenyewe wenye vinyago, wanakua wakubwa kila safu kana kwamba wanakujia. Ngoma zinapigwa mpaka kiti kinatetemeka. Hapo alipanda mapajani kwangu, na tiketi yake ya pauni hamsini na kitu ikawa ya kuwekea koti.

Mufasa, baba yake Simba, akafa. Dada Mtu hakutoa sauti, nilimwona tu anajifuta kwa ncha ya mtandio wa Bibi yake. Simba jike wakaja kuomboleza, wakawa wanavuta riboni nyeupe kutoka machoni mwao, ndefu, ndiyo machozi. Bwana Mdogo akanong'ona safari hii, afadhali:

"Yule mtu yuko wapi sasa?"

Nikamwambia amekwenda nyuma, anakunywa maji. Akatikisa kichwa, akakubali.

Na sasa kile tulichopata kwa kukaa juu pembeni. Wapiga ngoma hawako na wenzao kwenye shimo la wanamuziki, pale chini mbele ya jukwaa. Wako kwenye vile vibanda vya pembeni mwa jukwaa, mmoja kila upande, wamezungukwa na ngoma na vifaa ambavyo nusu yake sivijui. Yule wa upande wa pili alikuwa anatazamana na sisi kabisa. Bwana Mdogo alipomgundua, Simba na ufalme wake wote akawasahau. Nadhani sehemu kubwa ya nusu ya kwanza alimtazama yule bwana: anavyofuta jasho, anavyobadilisha fimbo, anavyosubiri amekunja mikono halafu ghafla anaanguka juu ya ngoma. Nilianza kumgeuza kichwa, "tazama kule, tazama Simba," kisha nikamwacha. Tiketi ni yake.

Mama mkwe naye alikuwa na shoo yake. Anayeigiza yule nyani Rafiki jukwaani ni mwanamke, ndivyo Taymor alivyoibadilisha, na yule wa siku ile alikuwa na koo, mashaallah. Akiimba kwa Kizulu mama mkwe haelewi neno, mimi sielewi neno, lakini nilimwona anatikisa kichwa kwa namna ninayoijua. Mama mkwe ni mtu wa Tanga ya Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu. Taarabu ameikulia. Katikati ya wimbo nikasikia zipu ya pochi. Nikainama mbele ya watoto nione kuna nini, nikakuta ameshikilia noti ya pauni 5, anatafuta njia ya kushukia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumtunza."

"Hapa hawatunzi, Mama. Hairuhusiwi kwenda jukwaani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Watu wanapiga makofi mwishoni."

Akanitazama. "Mwishoni? Sasa saa hizi atajuaje kama amependeza?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Kwetu mtu akiimba likakugusa, unainuka hapo hapo, unakwenda unacheza taratibu, unamwekea noti, unarudi. Mwimbaji anajua, jirani yako anajua, na wakati mwingine mbaya wako naye anajua kwamba ule ubeti umetunzwa kwa ajili yake. Hapa watu elfu mbili wamekaa mikono mapajani wanameza furaha yao. Aliishika ile noti mkononi mpaka mapumziko.

Mapumziko ni kama dakika 20, na mpango wa dakika hizo ni muhimu kuliko mpango wa viti. Mimi na Bwana Mdogo tulitoka taa zinawaka tu, choo cha wanaume hakina foleni, tukarudi. Foleni ya wanawake iliteremka ngazi. Bibi na mjukuu wake walirejea taa zimeanza kupunguzwa, Bibi amekasirika, anasema jengo la nguzo kubwa hivi na vyoo vya kuhesabu. Mwenye binti mdogo anayekubali kwenda na baba yake, aende naye.

Aiskrimu wanauza humo humo ndani kwenye vikopo vidogo, na ukikipokea unajiuliza utakula kwa nini. Kijiko kimo ndani ya kifuniko, unabandua karatasi ndiyo unakiona. Bwana Mdogo alifunga na kubandua, akafunga na kubandua, ikawa inayeyuka. Noti ya mama mkwe ilitolewa kwa shughuli hiyo, na haikutosha vikopo viwili. Nikaongezea kwa kadi kimya kimya.

Nusu ya pili inaanza vizuri sana, waimbaji wametoka na kuzagaa ukumbini, ndege wa vitambaa wanazungushwa kwenye fimbo ndefu juu ya vichwa vya watu. Halafu, niseme ukweli wangu, inazubaa. Kuna sehemu ya Scar na wazimu wake, ambayo kwenye katuni haimo hivyo, anahangaika na njaa ya nchi na kisha anamgeukia Nala, mchumba wa Simba, kwa nia mbaya. Mama mkwe alichemka: "Si kama mwanawe yule!" Watoto hawakuelewa na sikuwaeleza. Hapo ndipo watoto wa ukumbi mzima walianza kukohoa, kuuliza, kuangusha vitu. Mwenye karanga au zabibu kavu mfukoni azitoe wakati huo. Bwana Mdogo alisinzia, akaamshwa na mapigano ya mwisho na ile ngoma yake.

Walipotoka wote kuinama, Mufasa akatokea naye, mzima, anatabasamu, kinyago juu ya kichwa. Bwana Mdogo akasimama juu ya kiti. "Yupo! Baba, amemaliza kunywa maji!" Akapiga makofi, kisha akageuka upande wa pili akampungia yule mpiga ngoma, na bwana yule, Mungu amjalie, akainua fimbo moja akampungia.

Mama mkwe hakupiga makofi, alipiga vigelegele. Kimoja, kirefu, cha harusini. Watu wakageuka kutazama kinatoka wapi, na jukwaani nikaona vichwa viwili vitatu vinainuka kutafuta upande wetu. Nikasema moyoni, haya, ametunzwa.

Kabla sijasahau: mmoja wenu aliniuliza kuhusu mwanawe mwenye usonji. Lyceum wamekuwa na maonyesho maalumu kwa watoto hao, ya kwanza yalifanyika mwaka 2013. Sauti zinapunguzwa, taa haziwaki na kuzima kwa ghafla, na mtoto akitaka kuinuka, kusema, kutoka na kurudi, hakuna anayemkodolea macho. Tazama tarehe zao mapema, viti vyake huisha haraka. Kwa kweli hata kwa Bwana Mdogo wangu ningependa siku ya namna hiyo, na hata kwa mama mkwe.

Ndani ya treni ya kurudi watoto walilala kabla ya Watford. Mama mkwe akatoa simu, akaanza kumrekodia dada yake wa Ngamiani, kule Tanga, ujumbe wa sauti. Alisimulia mchezo wote, kwa sauti, behewa zima linasikiliza lugha lisiyoijua: mfalme aliyeuliwa na nduguye kwa uroho wa madaraka, mtoto aliyekimbizwa akakulia kwa watu baki, mchumba aliyekwenda kumrudisha. Ya Scar na Nala aliyasimulia mara mbili. Twiga kwenye simulizi yake alimwinamia yeye akamsalimia, na mimi sikusahihisha.

Jibu likaja tukiwa tunakaribia kushuka. Yule dada yake wa Ngamiani alikuwa na swali moja: huko kwenye majumba yao makubwa, mmelishwa nini?

"Barafu," mama mkwe akamjibu. "Na kijiko wamekificha kwenye kifuniko."